Anayegonga Angoje

Baba Nekesa,

"Gari la kompyuta halina damu. Ukiligonga hakuna anayeumia, na pasipo na aliyeumia hapana kosa."

Maneno hayo ni ya Macharia, muuza mbegu wa hapa Kitale, yule uliyemfundisha wewe mwenyewe kushika usukani. Ameyaandika kwenye kundi letu la simu mbele ya madereva wote wa ligi yetu ya mbio za mtandaoni, na baadhi yao wamempigia makofi. Zamani ningekupigia simu kwanza, nawe ungeniambia, "Mama Njoki, kunywa chai, halafu umjibu." Chai nimekunywa. Hasira iko palepale.

Basi namjibu huku nikizungumza na wewe. Kama hakuna kilichotokea kwenye ile kona nitakayokueleza, basi hata ushindi wake haukutokea. Mbona basi kombe amelipanga dukani, katikati ya mbegu za mahindi na dawa za magugu, ili kila mteja aulize? Ushindi anautaka uwe mzito kama gunia, lakini kule kugonga kuwe kwepesi kama ndoto. Achague moja.

Najua ungeniuliza tumefikaje hapa. Nianzie siku tuliyokuzika.

Pale kijijini kwenu Sirisia mchungaji aliniita nizungumze kama rafiki wa marehemu kutoka Kitale. Nikajaribu kuwaeleza majirani ligi yetu ni kitu gani: kwamba kila mmoja hukaa nyumbani kwake, amefunga usukani kwenye meza, na magari yetu hukutana kwenye barabara moja ndani ya mtandao. Shangazi yako akaniuliza kwa sauti, "Na mkishakimbia hivyo, mnafika wapi?" Nikamwambia, "Hatufiki popote, mama." Akasema, "Ati hamfiki! Na vile alikuwa anatutoroka akimaliza tu kula!" Watu walicheka huku wanalia. Mimi pia nilicheka, halafu nikashindwa kumaliza hotuba. Mimi, Baba Nekesa, ambaye hukuwahi kuniona nikikosa neno.

Nilichotaka kuwaambia ni juu ya sheria yako. Anayegonga angoje. Ukimsukuma mwenzako akatoka barabarani, unasimama kando mpaka arudi, akupite, ndipo uendelee. Hakuna refa wa kukulazimisha. Hukuiandika mahali popote. Uliifanya tu, siku ya kwanza tulipokutana, na sisi wengine tukaifuata.

Siku hiyo nilikuwa mgeni, mwanamke peke yangu katikati ya wanaume, na ulinigonga kwa nyuma nikazunguka hadi kwenye nyasi. Nilishafungua maiki nikutukane. Nikaona gari lako jeupe limesimama kando, na sauti ya mtu wa Bungoma ikasema, "Dada wa Kitale, pita bana. Mimi ndio nimekugonga." Nilidhani ni mtego. Nikakuambia, "Tangulia wewe, mimi sitaki michezo." Ukajibu, "Sasa tutakaa hapa tukisalimiana ama?" Wote wakatupita. Tulimaliza wa mwisho sisi wawili, na kabla hatujafika nilikuwa nimeshajua kwamba wewe ni afisa wa mifugo, kwamba unatoka kuchanja ng'ombe, unavua gamubuti na kuendesha peku kwa sababu mguu mtupu ndio unaoisikia breki, na kwamba una binti mmoja ambaye huwezi kumaliza sentensi tatu bila kumtaja.

Sasa Macharia anakucheka kwa ile hadithi ya stima. Unaikumbuka. Mvua ilikuwa inanyesha, ukanigonga nikatoka nje, na papo hapo stima ikapotea Kitale nzima, kompyuta yangu ikazimika. Wewe hukujua. Uliona tu kwamba sirudi. Ukangoja. Mbio zikaisha, wenzako wakaagana, ukangoja. Stima iliporudi nikakupigia simu kukuuliza nani ameshinda, ukaniambia, "Mimi sijui, niko hapa kwa kona. Wewe uko wapi?" Nilicheka mpaka nikaketi chini. Macharia anasema huo ndio ushahidi kwamba sheria yako ni ya wajinga: mzee mzima kusimama kando ya barabara kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

Sitakuwa mnafiki. Sheria yako ina gharama, na siku hiyo wewe ndiye uliyeilipa. Lakini nimeendesha kwenye ligi nyingine huko mtandaoni, za watu nisiowajua, na wakisikia sauti ya mwanamke wananigonga kwa mchezo tu. Huko sishindani na mtu. Kazi yangu ni kukwepa. Nikiona gari nyuma yangu naachia kona mapema, kama mtu anayempisha mlevi njiani. Kwenye ligi yetu niliweza kuingia kona bega kwa bega na Macharia huyuhuyu, nikachelewesha breki mpaka mwisho kabisa, kwa sababu nilijua ataniachia nafasi ya gari moja, nami nitamwachia. Wanaosema adabu inapunguza kasi hawajawahi kukimbia na mtu wanayemwamini.

Na hili la damu ndilo linalonichoma zaidi. Kwenye barabara ya kweli, Macharia hukanyaga breki akiona lori kwa sababu anaogopa kufa, anaogopa polisi, anaogopa kuharibu pikapu yake. Hatuwezi kujua kama ni mtu mwema au ni mwoga tu. Kwenye skrini vitisho vyote hivyo vimeondolewa. Hakuna jela, hakuna bati lililopondeka. Kilichobaki ni heshima tupu, na yeye anatuambia kwamba hapo ndipo heshima haina kazi! Nimesoma vitabu vingi vya watu wenye akili nyingi na vya wenye akili mbovu, na bado sijakutana na hoja inayomvua mtu nguo upesi kama hii.

Sasa nikuambie kilichotokea, nawe usikie kutoka kwangu.

Tuliandaa mbio za kukukumbuka, na kombe lenye jina lako. Nekesa akaendesha gari lako jeupe, kwa usukani wako, akiwa peku kama wewe. Hakuwa akijaribu kushinda, alisema anataka tu kumaliza. Lakini damu yako hiyo! Kufika mzunguko wa mwisho alikuwa anaongoza, Macharia yuko nyuma yake, na mimi nilikuwa wa tatu, nikiona kila kitu. Kona ya mwisho, Macharia akamwingilia kwa ndani pasipokuwa na nafasi, akamsukuma mpaka kwenye ukuta. Akasema kwenye maiki, "Pole, pole, ni netiweki!" Akaenda. Hakungoja. Akashinda.

Unajua mvua ya kwetu, na unajua netiweki ikikwama gari la mtu linaruka kama panzi. Ndiyo maana kila mwenye kosa hukimbilia hapo. Wewe ulikuwa unasema, "Netiweki haina mikono," na ulitaka angoje hata yule ambaye kweli gari lake limeruka. Lakini mimi nimeitazama rekodi ya mbio, mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu. Gari la Macharia halikuruka. Breki hakuigusa kabisa.

Nekesa aliligeuza gari lake lililopinda, akamaliza taratibu.

Jumapili iliyofuata tulikuja kwako Bungoma kwa chakula na kutoa kombe. Binti yako ndiye aliyepita na birika na beseni kutunawisha mikono. Alipofika kwa Macharia akapiga goti kidogo, akammwagia maji, akamwambia, "Karibu, uncle." Na Macharia akanawa! Nilimtazama nikingoja aseme kitu. Alinawa, akajifuta, akauliza kama kuku ni wa kienyeji. Halafu Mama Nekesa, ambaye hajui lolote la mambo haya, akampa kombe kwa mikono miwili na kumwambia, "Asante kwa kumkumbuka mume wangu."

Nilinyamaza kwa sababu ni nyumba ya matanga, na mgeni hageuzi meza ya mjane. Hiyo ndiyo heshima niliyompa Macharia, na imekwisha.

Wakati wa kuondoka Nekesa alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia, "Auntie, usukani wa baba uchukue wewe. Mimi siendeshi tena. Nikikaribia kona nasikia mgongo unakaza, nangoja kugongwa." Hakulia. Afadhali angelia.

Kwa hivyo, wewe niambie: ni nani hakuumia?

Wiki hii Macharia ameleta pendekezo. Anataka sheria ya kungoja iondolewe, "twende na wakati," na Jumamosi madereva wote watapiga kura. Hapohapo anataka jina lako libaki kwenye kombe, eti kwa heshima ya mwanzilishi. Amekula nyama, anatubandikia ngozi ukutani! Kama kura itapita, nitasimama na kudai jina lako litolewe siku hiyohiyo. Heri usahaulike kabisa kuliko kukumbukwa kwa jambo ambalo ungelikataa.

Mahindi ya shamba langu la kule Kwanza yamekauka vizuri mwaka huu. Njoki amepata kazi. Kuna mengi madogo ya kukueleza, lakini barua hii haina nafasi yake, na nikianza nitavunjika.

Kwaheri, rafiki yangu. Sitauchukua usukani wako. Nimemwambia Nekesa auache ulipo, juu ya meza, bila kuufunika. Nakuahidi kwamba Jumamosi nitasema, na nitasema vibaya, na hakutakuwa na mtu wa kuninywesha chai. Nikishindwa, nitaanzisha ligi nyingine yenye sheria yako, hata kama itakuwa na magari mawili tu.

Barua hii naibandika kwenye kundi leo, ili waisome wote. Macharia, umesoma mpaka hapa, najua. Kabla ya Jumamosi nenda Bungoma, umwambie Mama Nekesa kwa kinywa chako ulichofanya kwenye ile kona, kisha umrudishie alichokupa. Usimtume mtu. Usitaje netiweki.

Na nyinyi mliompigia makofi, wa Kitale, wa Kimilili, wa Bungoma: rekodi mnayo. Itazameni kona ya mwisho mkiwa mmekaa kwenye kiti cha Nekesa, si cha Macharia. Halafu kila mmoja wenu ampigie simu binti huyo na kumwambia mwenyewe atapiga kura gani. Mkiona aibu kumwambia, basi jibu lenu mmeshalijua.