Mbabula Sasa Inalala Nje

Masisi, 14 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Damascène,

Salamu nyingi kutoka huku kilimani kwenye ukungu. Hujambo huko Mubi? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tunamshukuru Mungu. Lakini najua macho yako yanaruka mistari kutafuta jina la mkeo, basi tulia: Mapendo ni mzima, na mwanao ni mzima. Jumapili simu ilikatika nikiwa nimesema tu "wamezimia", na tangu hapo mtandao haujarudi. Pole sana, ndugu yangu. Sasa nikueleze vizuri.

Unaijua desturi ya Mama: mzazi asiguswe na upepo. Na Mapendo, binti wa kule Mpofi aliyezoea joto la msitu, anatetemeka tangu alipotoka kujifungua kule maternité. Jumapili hiyo ilinyesha mvua ya mawe. Mama akaziba nyufa zote za mbao kwa vitenge vyake, hata kile cha Pasaka, akaingiza mbabula, lile jiko lake la makaa, chumbani na kufunga mlango. Alikuwa ameiwasha nje mpaka moshi ukaisha, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi wowote.

Mapendo akalalamika kwamba kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Mama akasema ni uchovu wa uzazi, akaongeza makaa.

Nilipoingia na uji, mkeo hakuitika. Nilimtikisa, kichwa kikaanguka upande. Nikamwinua mtoto, naye alikuwa amelegea mikononi mwangu kama nguo iliyoloa. Niliogopa, Damascène, sijawahi kuogopa hivyo. Nikatoka naye mbio, nikampigia kelele Evode, na huyo shemeji yako akamburuta Mapendo mpaka barazani. Mama akatufuata: "Munaniulia mutoto na baridi!" Ile ile baridi ikampiga mtoto usoni, akavuta pumzi, akalia. Nami nikalia.

Kwenye kituo cha afya waliwekewa oksijeni mpaka Mapendo akazinduka. Mama akajitetea mbele ya muuguzi: "Lakini ile makala ilikuwa haina moshi!" Muuguzi, Mama Geneviève, akamjibu polepole: "Mama, ile sumu haionekanake, na haina harufu. Hata makala ikisha kuwa nyekundu, iko inaitoa tu. Mu chumba ya kufunga, inaua." Mama yetu akakubali bila kubisha! Ungekuwepo ungeshangaa.

Jana wamerudi nyumbani. Mbabula sasa inalala nje, chini ya paa la jiko. Mtoto anapata joto kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na blanketi juu yao wawili, na dirisha tunaliacha wazi kidogo. Mama naye amegeuka mhubiri. Anazunguka kwa majirani na kuchungulia vyumba vya watu bila hata hodi.

Nawe usijidanganye kwamba uko salama kwa kuwa Mubi kuna joto. Najua ile jenereta unaiwasha ndani ya duka na kujifungia nayo, eti wezi. Ni sumu ile ile. Itoe nje, hata wakiiba. Duka litapata jenereta nyingine, Mapendo hatapata mume mwingine kama wewe, pamoja na ubishi wako.

Straton, dereva anayekuletea barua hii, atapita Mpofi kuwatuliza wakwe zako, Papa Sébastien na Mama Euphrasie. Evode anakusalimu sana. Nisalimie Émile hapo dukani.

Njoo haraka, mtoto anangoja umpe jina. Unamjua Mama, kilio cha mtoto kilikuwa kinamkera. Hivi ninavyoandika, mwanao analia kwa nguvu zake zote, na nilipoinuka kwenda kumbembeleza, Mama akanishika mkono.

"Muache kwanza alie," akasema. "Tumusikie."

Mungu aliyewarudishia hawa wawili pumzi akulinde barabarani, akufikishe kwao.

Wako akupendaye,
dada yako Verdiane