Kambwa ka Mahameni

Mjukuu wangu Neema,

Huku Sumbawanga hatujambo, babu yako anavuna ulezi. Unauliza kama kambwa ulikookota katakuzoea, maana kanajificha uvunguni.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nilirudi mahameni kuchukua kinu. Nikakuta kambwa kadogo kamelala mlangoni kwa jirani aliyehama. Nikakabeba.

Mama mkwe akasema, "Chakula chenyewe hakitutoshi."

Nikawa nakamegea ugali wangu. Kalikuwa hakali mpaka niondoke. Nami nilikuwa bibi harusi, sina wa kuongea naye, basi nikawa nakaa karibu nako nikipeta ulezi. Siku moja kakaja kenyewe, kakalaza kichwa kwenye mguu wangu.

Mama mkwe alituona. Akaingia ndani, akatoka na ukoko wa ugali.

"Kanaitwa nani?" akaniuliza.

Basi nawe Neema, usikavute kutoka uvunguni. Kaa nako tu.

Bibi yako