Dada, Mruhusu Somo Wako Arudi Kukaba

Apple Valley, Minnesota,
Jumatatu, 19 Januari 2026.

Mpendwa Dada Atupele,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wote hapo nyumbani Tukuyu. Goti linaendeleaje? Avelina anauliza kama ile dawa ya kuchua aliyokutumia imesaidia, au umeipanga kabatini pamoja na zile za mwaka jana. Nimesikia mvua haijawaacha tangu Krismasi, na kwamba barabara ya kuteremka kwa Mjomba Ambakisye imekatika tena. Poleni sana.

Sisi huku hatujambo. Mke wangu Avelina ana zamu nyingi hospitalini Saint Paul, mimi bado nipo ofisi ile ile ya serikali ya jimbo, na baridi imeshika kweli kweli. Asubuhi hii nimemaliza kulichimbua gari kwenye theluji ndipo nikakumbuka kwamba leo ni sikukuu na ofisi zimefungwa. Basi nikarudi ndani, nikachemsha chai, nikakaa kukuandikia.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Sababu ni wewe mwenyewe, Dada. Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na ujumbe wa sauti unaujibu kabla hujafika katikati. Barua ataileta Abdulkarim, yule mfamasia tuliyesoma naye chuo. Anaondoka keshokutwa kwenda kuwaona wakwe zake Mbeya na ameahidi kufika hadi kwako. Mpe ndizi za kutosha, huku anazililia.

Sasa tuingie kwenye kesi, maana ipo kesi, na wewe umo ndani.

Novemba ulinituma nikamwambie kocha wa binti yetu, somo wako Tupele, amwache mtoto afunge magoli. Ulisema anamchosha bure kwa kumlazimisha kurudi nyuma kukaba, na kwamba mfungaji akifundishwa kila kitu mwishowe anasahau hata kufunga. Nilikujibu kwamba sitasema neno mpaka niangalie msimu huu mwenyewe, kama mtu asiye na upande. Kazi yangu ni kupima maji ya maziwa ya jimbo zima. Nimezoea kuandika kilichomo, nikipende nisikipende. Nimeangalia karibu mechi zote, na nimejitahidi kukaa mbali na wazazi wanaopiga kelele.

Kipaji ni cha kweli, tuanzie hapo. Kile kisahani cheusi wanachokigombania kwa magongo juu ya barafu kikimkuta karibu na goli, kipa wa upande wa pili ajiandae kukiokota wavuni. Ana mkono wako. Akina mama wa kanisani kwetu wakija uwanjani wanapiga vigelegele mpaka Wamarekani wanageuka kutafuta harusi iko wapi. Hakuna msichana mwenzake kwenye timu aliyefunga kama yeye mwaka huu.

Lakini kurudi hakurudi. Timu ikipoteza kisahani, wenzake wanne wanageuka mbio kulinda goli lao, na yeye anabaki katikati ya uwanja amesimama, gongo mkononi, anasubiri. Ingekuwa mchezo wa mtaani kwetu tungesema anategea.

Najua utakachosema: ndiyo kazi yake. Katika netiboli yako mfungaji ana eneo lake na akitoka anapuliziwa filimbi, na walinzi nao wana lao. Umefundisha wasichana maisha yako yote kwa mpango huo, na uliwafikisha mashindano ya taifa. Huku kwenye barafu hakuna eneo la mtu. Wachezaji watano wanaruhusiwa kufika kila mahali, na wanaposhambulia watano wakakuta wamerudi wanne, kuna mtu wao mmoja atakayekuwa huru mbele ya kipa. Nimeiona ikitokea mara nyingi mno, sasa namtafuta huyo wa tano kabla hajafika.

Kocha wao ni mama anayeitwa Lindgren, mtu wa maneno machache, naye alicheza mchezo huu chuoni. Aliniambia kwamba watu wa vyuo vikuu wanaokuja kuangalia wasichana hawahangaiki na idadi ya magoli. Hiyo wameshaisoma kabla hawajapanda gari. Wanakuja kuona msichana anafanya nini wakati kisahani kiko kwa wengine.

Nisikudhulumu, upande wako nao una shahidi. Callixte, Mkongomani mmoja wa Columbia Heights tunayesali naye, ana kijana wake Mugisho aliyekuwa moto wa kuotea mbali katika mchezo huu huu. Kocha wa klabu yake ya zamani alimtoa nje kila alipojaribu kupita watu akanyang'anywa. Sasa Mugisho anakaba vizuri sana, na kisahani kikimfikia anakitoa haraka kana kwamba kimemuunguza. Nilimuuliza Callixte anaonaje. “Mutoto alikuwa na feu, mon frère,” aliniambia, yaani alikuwa na moto, ndugu yangu. “Bakamufundisha kuogopa.” Nilirudi nyumbani na maneno hayo na sikuyapenda, kwa sababu yalikuwa yanafanana na yako.

Basi mwanzoni mwa mwezi huu nikaenda kuonana na Kocha Lindgren, na kichwani nilikuwa nimeshajipanga kukutetea kidogo. Yeye alikuwa na swali la kuniuliza. Alisema mazoezini Tupele anarudi nyuma kuwapita wenzake wote, anakaba vizuri, anacheka, hana tatizo lolote. Siku ya mechi anakuwa mtu mwingine, kama amefungwa kamba kwenye ule mstari wa katikati. Aliniuliza kwa upole kama kuna kitu nyumbani. Nikamwambia nyumbani hakuna kitu.

Kumbe kipo, na kilikuja kujulikana Jumamosi hii iliyopita.

Jumamosi walicheza hapa nyumbani wakafungwa. Goli la mwisho lilikuwa lile lile la siku zote: Tupele amesimama katikati, wapinzani wawili wanamfikia kipa, na hakuna wa kumsaidia. Kipa ni Makena, binti wa wale majirani zetu Wakenya, rafiki yake tangu shule ya msingi. Makena huwa anarudi na sisi kila baada ya mechi, wanakaa nyuma wanapigana vijembe mpaka tunafika. Jumamosi alipita mbele ya gari letu na begi lake, akapanda la mzazi mwingine.

Tuliondoka. Avelina ndiye aliyeuliza, mimi nilikuwa naogopa jibu. Mtoto akaanza kulia.

“Shangazi alisema nikae mbele,” alisema. “Every game ananiambia. Kaa mbele, Somo, mpira utakufuata.”

Nikaegesha kwenye uwanja wa duka moja, nikazima redio. Unajua mimi nilikuwa nadhani nini, Dada? Kila tunapokwenda kwenye mechi nasikia sauti yako kwenye simu yake, unamwombea kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, na mimi huku nyuma ya usukani naitikia amina. Nilikuwa nafurahi sana. Kumbe baada ya amina kulikuwa na ujumbe wa pili, na huo aliusikiliza kwa visikizi peke yake. Hata nilipokuambia nitaangalia kwanza, wewe ulikuwa umeshaanza kufundisha. Kutoka Tukuyu, kwa sheria za netiboli, timu ya barafuni hujawahi kuiona ikicheza hata kipindi kimoja kizima!

Nilicheka, nakiri, lakini si kwa muda mrefu. Msimu mzima kocha ameshindwa kumwelewa mtoto, wenzake wakamwona mchoyo, na mtoto alikuwa anatii.

Nilimwambia apuuze maagizo hayo, mimi ndimi baba yake. Aliniangalia kama nimemwambia atupe jina lake. Na kwa kweli ndivyo tulivyomlea. Wewe ulimpa jina lako siku aliyozaliwa, tangu akiwa mdogo mnaitana somo, na kwetu neno la shangazi halitenguliwi na baba mtu. Ulituambia hivyo wewe mwenyewe mbele ya ukoo wote, na hakuna aliyekupinga, hata mimi.

Halafu akasema jambo lililoniuma, nakuambia wazi. Alisema wale wapinzani wakimpita, miguu yake inataka kugeuka na yeye anaizuia. Anasikia Makena anaita jina lake kule nyuma. Anasimama hivyo hivyo kwa sababu umemwambia asimame. Nimekuwa nikimtazama nikiwa jukwaani na kikombe changu cha kahawa, nikifikiri kwamba hajali.

Kocha atapanga kikosi cha mechi za mtoano mapema Februari. Amesema, bila hasira yoyote, kwamba Tupele asipobadilika ataanzia benchi, na hizo ndizo mechi ambazo watu wa vyuo wanakuja. Hilo ni kubwa, maana mwakani anamaliza shule. Lakini mwenyewe hakulilia chuo kwenye gari. Alimlilia Makena.

Ukitaka msimamo wangu sasa, ni huu. Mshambuliaji kijana asukumwe kujifunza kukaba, ila anayemsukuma aangalie asije akamvunja. Nilimweleza Kocha Lindgren habari za Mugisho bila kumtaja jina, akanielewa. Alisema Tupele akijaribu kupita mtu akanyang'anywa, hatamtoa nje. Atamtoa asiporudi kukifuata kisahani. Kwangu mimi hiyo ni haki. Tena nimegundua kwamba mazoezini magoli yake mazuri kuliko yote yanaanzia huko huko nyuma, anapomnyang'anya mtu kisahani akaondoka nacho. Hicho kitu kwenye mechi hatujawahi kukiona.

Sikulaumu, Dada, usije ukaanza kutafuta leso. Ulimfundisha ulichokijua, na wasichana wako wa netiboli hadi leo wanakuamkia kwa heshima wakiwa na wajukuu. Jana jioni nilimpelekea kocha maelezo yote kwa simu. Akauliza kama huyo shangazi ana nafasi ya kuja kumsaidia kufundisha, kwa sababu yeye hajapata mchezaji anayemsikiliza kiasi hicho. Nikamwambia goti linakusumbua.

Ninachokuomba ni kimoja. Mtumie ujumbe, wewe mwenyewe, kwa sauti yako, umwambie arudi nyuma. Usinipe mimi nifikishe. Nimeshajaribu, na katika jambo hili mimi si mtu. Ukiona mimi nimekosea na kocha amekosea, pia umwambie hivyo, na tutanyamaza. Ila umwambie ukiwa umejua anavyosimama pale.

Habari nyingine ni chache. Bomba la maji ya jikoni liliganda wiki iliyopita, likapasuka, tukapika kwa jirani siku hizo zote. Kwaya yetu inajiandaa kwa Pasaka, na Avelina amepewa kuongoza sauti ya pili ingawa anakataa. Nami nimeambiwa nipunguze chumvi.

Nisalimie shemeji na umwambie zile picha za shamba nimezipokea. Msalimie Mjomba Ambakisye, Mama Mdogo Tusekile na watoto wote wa hapo nyumbani, na yule mbwa wenu mkorofi kama bado yupo hai. Avelina anakuamkia kwa magoti mawili. Mungu akulinde, akuponye goti, na atukutanishe tena tukiwa na nguvu za kubishana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikatiza,

Gwakisa

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nilimpa Tupele aisome barua yote, kwa kuwa inamhusu. Alikaa nayo muda mrefu mezani, kisha akaniomba kalamu. Haya hapa chini ni ya kwake, na sijasahihisha kitu.

Shikamoo Shangazi. Asante kwa sala, usiache sala. Bado nitafunga magoli mingi. Lakini Makena anabaki peke yake na ananiita na mimi nasimama tu. Naomba ruhusa nirudi.
Somo wako.