Insha Isiyo na Mama Ndani Yake

Ijumaa, mwezi wa pili, baada ya Alasiri. Upepo na vumbi tangu asubuhi.

Nimechoka, na si uchovu wa kukosa usingizi. Jana nililala mapema, leo nimekula, na bado nimekaa kitandani na kompyuta mapajani nikitazama dirisha. Jengo la ng'ambo ya barabara linaonekana nusu tu. Siku kama hii hapa mtaani kwetu, Fereej Bin Mahmoud, watu hufunga madirisha yote, na harufu ya kila nyumba hubaki ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Yetu leo haina harufu yoyote. Nitafika huko.

Insha inatakiwa Jumapili.

Kwa mgeni wa blogu hii, ambayo nimeifunga na haisomwi ila na wachache niliowapa neno la siri: niko mwaka wa pili katika chuo cha jamii hapa Doha. Unasoma miaka miwili, kisha unaomba kuhamia chuo kikuu pamoja na masomo uliyokwisha kufaulu, ukaanzie mwaka wa tatu. Kuingia chuo kikuu chenyewe si kazi kubwa. Kazi ni kuingia kitivo cha biashara, kwa sababu wanaohamia huachiwa nafasi chache, na ukikosa unawekwa kwenye fani nyingine ambamo hutoki tena. Baba, ambaye ni dereva wa familia moja ya hapa na anaamini kila foleni hatimaye husogea, huniambia, "Wewe ingia tu, mwanangu. Hiyo biashara utahamia ukiwa ndani." Nimemweleza mara nyingi kwamba ukiwa ndani hakuna kuhama. Hujibu "Inshallah" kwa sauti ya mtu aliyeshinda mjadala.

Uhamisho huu nimeupanga tangu wiki ya kwanza ya chuo. Sikuchagua somo hata moja bila kuuliza kwanza kama chuo kikuu kitalikubali. Uhasibu, uchumi na hesabu nilipata vizuri. Takwimu ikaniangusha muhula uliopita. Sikufeli, nilipata alama ya kawaida, katika mwaka ambao sina ruhusa ya kuwa wa kawaida. Sasa GPA yangu inafanana na ya kila mtu anayeomba. Kilichobaki cha kunitofautisha ni insha.

Wanataka ueleze biashara uliyoiona kwa karibu na jambo ililokufundisha.

Mwanzoni niliandika kuhusu makampuni makubwa. Mshauri wetu wa uhamisho, mama mpole anayesahihisha kwa kalamu ya kijani, aliandika chini yake: "Hii ingeweza kuandikwa na yeyote." Maneno hayo yalinikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki.

Kisha nikaandika kuhusu Mama. Niliandika kwa mkao mmoja, bila kufuta.

Mama anauza mikate ya kumimina, sambusa na visheti kutoka jikoni kwetu, kwa Wazanzibari na Watanzania wa bara wanaofanya kazi mahotelini na majumbani. Hana leseni, na mwenye jengo haruhusu. Kwa hiyo ana sheria yake moja. Mtu mpya akipiga simu, kabla ya salamu kuisha Mama humuuliza, "Nani kakuleta?" Asiyeletwa na mtu hapati hata sambusa moja. Na aliyeletwa akiharibu, anakatwa yeye pamoja na aliyemleta. Mwaka jana msichana mmoja alipiga picha ya mikate yetu, akaiweka Facebook pamoja na mtaa na jina la jengo. Mama alimkata siku hiyo hiyo. Akamkata na Bi Zuwena aliyemleta, rafiki yake wa tangu Unguja, anayefanya usafi katika hoteli moja ya Lusail. Bi Zuwena alikaa bila mikate mpaka Ramadhani, na hakulalamika, kwa kuwa sheria anaijua.

Niliyaandika yote hayo. Niliandika jinsi watu wasio na mkataba wala saini wanavyolindana kwa kuogopa kumwaibisha aliyewaleta. Mshauri hakuandika kitu kwa kalamu ya kijani. Alichora tiki moja kubwa. Achieng, Mkenya tunayesoma naye uhasibu, alinipigia simu akipiga kelele: "Aki Rahma, si ungesema! Unatusumbua na story za ma-kampuni na uko na hii kwenu jikoni? Tuma hivyo hivyo, wasipokuchukua naenda kuwagombanisha!"

Kwa mara ya kwanza tangu Takwimu nilihisi ninaweza kuingia.

Jana mchana nikamsomea Mama. Ilikuwa lazima, sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Alikuwa anasaga mchele na tui kwenye blenda kwa ajili ya oda za leo. Aliizima ili asikie vizuri, nami nikamsomea Kiingereza changu kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Nilipofika pa "Nani kakuleta?" alicheka mpaka akashika meza. "Hata sauti umeniigiza, mwana wewe!"

Kisha akaacha kucheka.

"Atakayesoma hiyo anakaa wapi?"

"Watu wa udahili, Mama. Chuoni."

"Nakuuliza anakaa wapi. Anakaa London?"

"Anakaa hapa hapa Doha."

"Haya."

Nikasema nitabadilisha jina lake. Akanitazama kama vile nimemwambia nitamficha nyuma ya pazia la bafuni. "Jina! Wangapi mji huu wanamimina mikate na kuuliza nani kakuleta? Hata ukiniita Maria watanijua." Akafungua mfuko mwingine wa mchele. "Mie nimeletwa hapa kwa viza ya baba'ako, kama mke, Rahma. Sikuletwa kupika. Wakijua, wananirudisha."

Akawasha blenda, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilirudi chumbani na hasira ambayo bado naionea aibu. Niliwaza: huyu ndiye aliyenifundisha tangu chekechea kuwa wa kwanza, na sasa kitu pekee kinachoweza kunifanya wa kwanza anakifungia kabatini. Niliwaza hata kuituma bila kumwambia. Niliwaza kwamba watu wa udahili wana mambo mengi kuliko kuwatafuta wapika mikate. Huenda ni kweli. Lakini hilo lingekuwa kukisia kwangu tu, na kama ningekosea angelipa yeye.

Leo asubuhi niliamshwa na ukimya. Ijumaa nyumba yetu huanza na blenda, kisha iliki, kisha Mama kumgombeza Baba aliyeonja mkate wa mteja. Leo hakukuwa na kitu. Bakuli kubwa la rojo ya mikate lilikuwa limemwagwa, limeoshwa na kufunikwa juu ya friji. Baba alikuwa mezani, ameshika kipande cha mkate mweupe kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Huu wa dukani?" aliuliza.

"Kula," Mama akasema. Alikuwa kwenye kochi, simu mdomoni, anatuma ujumbe wa sauti kwa mteja mmoja baada ya mwingine: "Assalaam alaykum, habari za asubuhi. Leo sina mikate, unisamehe mwaya. Na wiki ijayo sina. Nimepumzika." Akaenda kwa anayefuata. Assalaam alaykum, habari za asubuhi.

Bi Zuwena hakusubiri hata ujumbe wake uishe. Alipiga, na sauti yake ikajaa sebule nzima.

"Weye! Unaumwa?"

"Siumwi."

"Una mimba?"

"Mimba, umri huu? Zuwena, huna adabu."

"Basi nani kakukosea? Nitajie. Nikitoka kazini namfuata kwake."

"Hakuna aliyenikosea. Nimechoka tu, shoga yangu."

Nilisimama mlangoni nikingoja anitaje. Hakunitaja. Alipokata simu akaniambia, bila hasira, kama anayenikumbusha kuchukua mwavuli: "Andika sasa. Andika kwamba mama'ko alikuwa akipika na keshaacha. Wakija kunusa watakuta jiko limepoa."

Na hapa ndipo pa kusema ukweli, kwa sababu sitamwambia mtu uso kwa uso.

Niliona nafuu.

Sikulia wala sikumkumbatia. Nilirudi chumbani, nikafungua insha, nikaanza kuirekebisha. Mama kaacha, sasa ni habari ya zamani, hakuna wa kudhurika. Hata nilifurahi kuona jinsi ilivyozidi kupendeza: biashara iliyofungwa ina huzuni, na wasomaji wa insha wanapenda huzuni. Nilifanya kazi hiyo vizuri, kwa utulivu, huku Mama akiwa upande wa pili wa ukuta, Ijumaa asubuhi, hana la kufanya na mikono yake.

Nilisimama nilipofika kwenye aya ya sheria yake. Aliyeharibu hukatwa yeye na aliyemleta.

Mimi nimeletwa na nani, kama si yeye?

Nilikaa na swali hilo mpaka Baba aliporudi kutoka msikitini. Kisha nikaifuta insha yote. Niliifuta na kwenye simu, nikamwandikia Achieng aifute kwake pia. Sikujisikia mtu mwema. Nilijisikia mtu aliyetua mzigo katikati ya safari, akijua bado kuna mwendo.

Nikaenda sebuleni. "Nimeifuta."

"Umefuta nini?"

"Insha. Na wewe wafutie wateja ujumbe wako."

"Sauti zishasikilizwa, nitazifutaje?" Aliinuka, akatembea mpaka jikoni, akarudi. Sasa alikasirika kweli, na hasira yake ilinipa raha kuliko utulivu wa asubuhi. "Mtu nishawaaga watu, nishasema nimechoka, sasa niwaambie nini? Nimefufuka?"

"Waambie umepumzika vya kutosha."

"Asubuhi moja!"

Baba aliuliza kama hiyo ina maana leo kutakuwa na mikate. Mama akamjibu kwamba mchele hauloweki kwa kuuangalia, na kwamba yeye na bintiye wote ni mzigo mmoja. Lakini baadaye nilisikia mchele ukimiminwa kwenye bakuli, na maji juu yake. Wa kesho.

Insha mpya nimeiandika baada ya chakula cha mchana. Inahusu kibanda cha manukato pale The Pearl, kisiwa cha maduka ya matajiri, nilikofanya kazi likizo iliyopita. Wateja walikuwa wanapita kama maji, hawasimami. Niliona kwa nini: kiti cha muuzaji kilikuwa kimeelekezwa kwa namna ambayo mteja alijiona anachunguzwa, na manukato mazuri yalikuwa nyuma ya kioo kilichofungwa. Nilijua, lakini sikujua namna ya kumwambia mwenye kibanda akanisikiliza, na yeye hakuniuliza. Kikafungwa. Ndiyo sababu nataka kusoma biashara, nikisema kweli: nimechoka kuona jambo na kukosa maneno ya kulisema. Nimeipanga kwa karibu miaka miwili safari hii na leo ndiyo mara ya kwanza nimeiandika sababu hiyo mahali popote.

Lakini si nzuri kama ile. Najua tofauti. Achieng ameisoma akaniandikia, "Iko sawa," na Achieng hajawahi kutumia maneno mawili kwa kitu anachokipenda.

Huenda nikakosa. Lazima nizoee kuliandika hilo. Huenda wakanipeleka kwenye fani nyingine, na nikamaliza shahada ya kitu ambacho sikukitaka, na Mama atajua sababu hata nisipomwambia. Hilo ndilo linalonichosha kuliko alama zote: wakinikataa, atajilaumu yeye. Nitakuwa na kazi ya kumshawishi kwamba insha ile haikuwa nzuri kihivyo, na yeye si mtu wa kudanganyika kirahisi. Alicheka mpaka akashika meza. Anajua ilikuwa nzuri.

Je, ningeingia kwa ile? Sitajua kamwe. Nadhani naweza kuishi na hilo. Sina hakika.

Macho yanajifumba. Mama hapendi mtu alale baada ya Alasiri; tangu utotoni hunigombeza kwamba usingizi wa saa hizi unaleta uzito wa moyo. Amepita sasa hivi, ameniona nimejilaza na kompyuta tumboni. Nilingoja anigombeze. Amezima taa na kufunga mlango taratibu.

Jumapili nitaituma ilivyo.