Kilo Saba Kila Mmoja

Nkubu,
10 Februari 2025

Kwa Mama Njagi,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku sote tunaamka vizuri, ila jua limekausha majani na ng'ombe ananitazama kana kwamba ni mimi niliyezuia mvua. Goti lako linaendeleaje? Je, ndengu zilitoka salama shambani?

Naandika kwa sababu Kinya wangu aliniomba tusipigiane simu. Anasema kwenye simu mimi na wewe tunakatizana, halafu kila aliyekatizwa anaenda kumlalamikia yeye. Barua haina wa kuikatiza. Hii nampa Mutugi, ambaye kila wiki huja Siakago kununua ndengu, naye atasubiri jibu lako.

Sharti la Kinya unalijua, lakini acha niliandike ili sote tulisome: twende wote wawili, au asiende hata mmoja. Watoto wetu walipowazika wale wawili, wote waliozaliwa bila kulia, mimi na wewe tuligombana katika sebule yao pale Embu huku Kinya amelala chumba cha pili akisikia. Hajasahau. Sasa yuko Halifax, huko Kanada, na mimba hii ya tatu imefika miezi saba. Daktari amemwambia asishuke kitandani ovyo. Njagi yuko kazini mchana kutwa. Hana mtu, mkwe wangu, ila sisi.

Tunaondoka tarehe 17 Machi na tutakaa miezi mitatu. Tiketi alizotununulia Njagi haziruhusu mzigo wa tumboni mwa ndege. Kila mmoja ana begi moja dogo la mkononi, kilo saba, basi. Ni afadhali hivyo. Tukifika Toronto, kila mwenye mzigo mkubwa huuchukua na kuukabidhi upya kabla ya kupanda ndege ya mwisho, na sisi tuna saa moja na nusu tu. Njagi mwenyewe alipohama, begi lake lilibaki huko wiki nzima.

Nguo tatu zinatosha, utafua. Leso mbili: moja ya kujifunika, moja ya shughuli zote nyingine. Viatu vizito vivae miguuni. Kunja kila nguo kwa kuiviringisha kama chapati, usiipange kama kitabu. Dawa za goti ziweke juu, usizitafute mbele za watu.

Ni mimi mkwe wako,
Mama Kinya


Siakago,
14 Februari 2025

Mkwe wangu Mama Kinya,

Bwana asifiwe sana. Goti lipo, linatangulia mimi nafuata. Ndengu tulivuna, wadudu nao walivuna. Tunashukuru. Msalimie Baba Kinya, mwambie nimesikia ameacha sukari na ninamwonea huruma.

Kilo saba! Mkwe, mbuzi wangu mdogo kabisa ana kilo kumi na mbili, naye hasafiri miezi mitatu. Nilimsomea jirani yangu Njoki barua yako, akaniuliza kama tunakwenda Kanada au tunakwenda kisimani.

Nimekubali nguo tatu. Nimekubali hata kuviringisha. Lakini tunamwendea mke wa Njagi mikono mitupu, kama watu wa kukusanya kodi? Nina unga wa wimbi kilo nne, nimeupepeta mwenyewe, hauna hata punje ya mchanga. Nina asali ya Mbeere, ile nyeusi, chupa mbili kubwa. Hicho ni chakula chake yeye. Yeye yupo, anakula, anapumua, hakuna ubaya kumfungia mzigo. Usiniambie asali ni maji. Geuza chupa asubuhi, uone kama itakuwa imefika chini jioni.

Na hilo koti ulilomwambia Njagi aniagizie, sivai. Nitafanana na askari wa lango la benki.

Sharti la Kinya nimelisoma. Mimi sina ugomvi na mtu.

Mkwe wako,
Mama Njagi


Nkubu,
18 Februari 2025

Mama Njagi,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole kwa goti. Baba Kinya anasema asante, na kwamba chai imekuwa adhabu.

Asali iache. Kwenye uwanja wa ndege, chochote kinachomiminika, hata kama kinamiminika kwa uvivu, kikizidi kikombe kidogo cha dawa wanakitupa mbele ya macho yako. Unga beba kilo mbili. Koti utalivaa, kwa sababu kilicho mwilini hakipimwi, na Machi huko bado kuna theluji.

Kifurushi alichokuletea Mutugi ni nguo za mtoto. Nimenunua fulana sita na blanketi jepesi, na nimefuma kofia nne na soksi. Nimegawa sawasawa: kwako kofia zote, soksi, na fulana tatu, kwangu blanketi na fulana zilizobaki. Zako hazifiki hata nusu kilo. Viringisha kila moja ndani ya nguo yako na hutajua kama ipo.

Ukishapima begi, niandikie limefika ngapi.

Mkwe wako,
Mama Kinya


Siakago,
22 Februari 2025

Mama Kinya,

Salamu.

Nilifungua kifurushi chako mbele ya Njoki nikidhani ni majani ya chai. Niliona kofia nikakaa chini. Njoki alizifunika kwa khanga bila mimi kumwambia.

Mtoto bado yuko tumboni. Mtoto wa mwanamke aliyekwisha kuzika wawili! Kwetu hatumfungii mzigo ambaye hajafika. Hata mwanamke aliyezaa kumi bila shida hanunuliwi kitambaa kabla kilio hakijasikika. Wewe pia unajua. Nkubu si Ulaya. Mama yako hakukufumia kofia ukiwa tumboni, alikufunga kwa leso yake kuukuu na umefika hapo ulipo unapima watu kilo.

Nguo zako hazikulala ndani ya nyumba yangu. Nimezining'iniza kwenye zizi la mbuzi, juu, wasifikie. Mutugi akija azichukue. Sitazibeba, hata kama zingekuwa na uzito wa unyoya.

Na kwa kuwa unapenda mambo yaandikwe, acha niandike. Wa kwanza ulimfumia sweta. Wa pili ulimnunulia kitanda, ukakipaka rangi. Wote wawili uliwatangulia. Huyu mwache afike mwenyewe.

Ednah


Nkubu,
26 Februari 2025

Mama Njagi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani sikuona vizuri.

Kwa hivyo ni mimi niliyewaua. Miaka hii yote umekuwa ukinipokea chai mkononi ukiwaza hivyo.

Siwezi kukaa karibu nawe kwenye ndege saa zote hizo, halafu nilale nawe chumba kimoja miezi mitatu. Jumapili nitamwambia Kinya kwamba siendi. Sharti lake unalijua, basi hata wewe huendi. Begi langu nimelifungua.

Gladwell


Siakago,
1 Machi 2025

Mkwe wangu,

Namlipa Mutugi aje huko leo hii, si siku yake. Njagi amenipigia asubuhi. Kinya amelazwa. Presha imepanda, miguu imevimba, na madaktari wanasema huenda wasingoje mwezi wa nne kumzalisha. Njagi alikuwa akiongea kama mtu aliyebeba kitu kwa meno.

Kesho ni Jumapili. Tafadhali usimwambie lile neno. Akisikia hatuendi, presha hiyo itakwenda wapi? Nitukane mimi, nimestahili, lakini usimwambie.

Niandikie hata mstari mmoja. Mutugi atangoja langoni.

Mkwe wako,
Mama Njagi


Siakago,
8 Machi 2025

Mkwe wangu Mama Kinya,

Bwana asifiwe, ingawa hujaniandikia. Mutugi alirudi na mkono mtupu. Alisema ulichukua bahasha, ukampa maji ya kunywa, ukafunga mlango. Njagi nikimuuliza kama tunangojewa bado, anajibu, "Ndiyo, mama, kwani kuna nini?" Nami namwambia hakuna. Kwa hivyo sijui kama umeamua au unangoja.

Neno lile la kuwatangulia si kweli. Nililijua si kweli wakati nikilamba bahasha. Wale watoto walikwenda kwa sababu walikwenda. Mimi nimeogopa tangu Njagi aliposema kuna mimba, na mtu mwoga akiona kofia anaona jeneza. Nilitaka mtu mwingine aubebe woga huo, nikakutwika wewe.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mwana wa Njoki ana mtoto wa miezi minne, anaitwa Mbaka, mnene, ana sauti ya fahali. Jumatano nilizishusha kutoka zizini zile nguo ambazo Mutugi alikataa kuzichukua, nikazifua, nikaenda kwao. Tulimvalisha Mbaka kofia ya kwanza tukaivua, ya pili tukaivua, mpaka ya nne, na soksi, na fulana zote. Kofia hazikumtosha, zilimkaa utosini kama kikombe. Fulana moja aliitapikia, nyingine akaikojolea hadi kwenye goti langu bovu. Njoki alicheka akasema, "Mama Njagi, ukitaka anye pia, mngoje kidogo."

Unaelewa, mkwe? Nguo ya kumngojea mtoto ni mwiko. Nguo iliyovaliwa na mtoto mzima, mwenye kelele, siyo ya kungojea tena. Hiyo ni ya kurithi, na kurithi hakuna mwiko. Hizi sasa ni nguo za Mbaka. Nimezianika ndani ya nyumba yangu, juu ya kitanda changu.

Niliwapa asali yote. Begi nimelipima kwenye mizani ya ndengu: kilo sita na nusu, nguo zikiwa ndani, nimeziviringisha kama ulivyosema. Koti nimelivaa mbele ya kioo. Ni kweli nafanana na askari wa lango.

Tarehe 17 nitakuwa uwanjani Nairobi tangu saa sita mchana. Sitapanda bila wewe. Kama hutakuja, nitarudi nyumbani, na nitamweleza Kinya mwenyewe kwamba kosa lilikuwa langu.

Mkwe wako,
Mama Njagi


Nkubu,
12 Machi 2025

Mama Njagi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sikumwambia. Ile Jumapili nilimpigia nikiwa nimeshaandika maneno kwenye karatasi ili nisiyumbe. Kabla sijaanza aliniuliza, "Mama Njagi hajambo? Goti lake litaweza safari?" Nikasema litaweza. Nikamwuliza amekula nini. Jumatano nilimpigia tena, ikawa hivyo hivyo.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, mkono uliandika mambo ambayo nisingeyafuta. Bado sijapoa. Nakwambia ukweli.

Ulisema unaogopa. Mimi je? Nikiogopa siwezi kukaa bure. Nafuma, napima, napanga. Kile kitanda nilikipaka rangi mara tatu kwa sababu usingizi ulikuwa hauji. Nilipowazika wale sikuwa na la kufanya na mikono yangu, na mpaka leo sijui niiweke wapi.

Kuhusu Mbaka, nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka nikiwa na hasira. Sijui kama mwiko unadanganyika hivyo. Lakini fulana zangu na blanketi sikuvitafutia mtoto wa kuvivaa. Nimempa Kaari, jirani yangu, aliyejifungua mwezi uliopita. Moja kwa moja, havirudi. Begi langu lina kilo tano na nafasi ya unga wako mwingine ukitaka.

Kinya bado yuko hospitalini. Nikikutana nawe uwanjani sitaki maelezo. Tusalimiane, tupande.

Mkwe wako,
Mama Kinya


Halifax,
21 Machi 2025

Mkwe wangu,

Nampa Njagi karatasi hii hapa hospitalini akuletee nyumbani. Kwenye simu ungenikatiza.

Najua kwa nini hujataka kuingia wodini tangu tufike. Mtoto alizaliwa tukiwa bado angani, hakuna aliyemsikia, na mashine ilikuwa inampumulia. Ulisema hutamtazama mpaka apumue mwenyewe, ili usije ukamzoea. Sikukulaumu. Wanaruhusu nyanya mmoja kwa zamu, nami nimeshika zamu yako na yangu siku hizi mbili, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikihesabu rozari, mikono ikiwa na la kufanya.

Asubuhi hii walimtoa mpira wa mashine puani. Daktari na manesi wawili walisimama, Kinya kwenye kiti cha magurudumu, mimi nyuma yake. Kifua kikapanda, kikashuka, kikakaa. Nilidhani ndiyo basi. Kisha kikapanda tena, akafungua kinywa, akalia.

Mama Njagi, amelia. Si kwa nguvu. Kama mtoto wa mbuzi aliyefungiwa nje. Lakini nimemsikia kwa masikio yangu, na Kinya amemsikia, na Kinya akauliza, "Mama Njagi yuko wapi?"

Ni msichana. Ana kilo mbili kasoro kidogo. Nesi amesema kichwa chake kinapoteza joto, anahitaji kofia, na akauliza kama familia imekuja nayo. Nikasema imekuja nayo.

Ziko kwenye begi lako. Chagua wewe, na umvalishe wewe. Njagi anangoja ndani ya gari. Vaa koti.

Nyanya mwenzako,
Gladwell