Zimwi Langu Halina Pembe

Ilembo, Mpanda

Mjukuu wangu Kalunde,

Sisi huku wazima. Bibi yako anakusalimu. Karanga ameshavuna, ila mgongo unamsumbua kidogo.

Unaniuliza zimwi la kweli ni lipi, nililolichora mwenyewe kitabuni au lile la kwenye mkanda wa video mliouona huko Dar. Jamani! Mimi ndiye niliyelitunga! Nani aliwaambia watu wa sinema kwamba lina pembe? Na rungu je, wamelitoa wapi?

Nilipokuwa na umri wako, baba alinipeleka msitu wa Ugalla kurina asali. Alishuka mtini uso umevimba kwa kuumwa na nyuki, macho hayaonekani, nami sikumtambua. Akaniita kwa jina. Nikatimua mbio hadi kambini nikipiga mayowe, naye nyuma yangu.

Kwenye video mtoto analiua zimwi, nanyi mkapiga makofi! Hebu fungua tena kitabu, utazame vizuri mkono wa zimwi. Lile si rungu, Kalunde. Ni sega la asali. Baba alikuwa ananikimbilia anipe nile.

Babu yako