Farasi Mia Nne na Mstari wa Breki

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba msaada, na naomba pia usinihukumu kabla hujafika mwisho wa barua maana watu wengi hunihukumu nikiwa bado katikati.

Mimi ni fundi wa kukata vioo, miaka ishirini na sita, na bila kujisifu (ingawa sifa ni zangu, nizifiche wapi) hakuna dirisha mtaani kwetu ambalo sijalipima. Shule niliishia darasa la saba, na usidhani ni ujinga, mimi na shule tuliachana kwa heshima. Sasa mwaka jana nilinunua gari la spoti, milango miwili, jekundu kama kucha za bibi harusi, aliyeniuzia ni daktari wa meno ambaye wagonjwa wake walikuwa wakiliona wanaanza kuuliza bei za meno zinapanda kwa nini. Nikalileta mtaani, watoto wakalikimbilia, na mimi nikaona kabisa kwamba hili gari limefika kwa mwenyewe.

Basi nikakaa chini na daftari nikapanga bajeti kama waziri. Injini ilikuja na nguvu za farasi mia moja na thelathini, ambazo kwa mtu kama mimi ni matusi. Nikaandika: chujio la hewa, boksi lake linasema linaongeza farasi kumi na tano. Ekzosi ya mdomo mpana, thelathini. Kuchezea kompyuta ya injini, hamsini. Plagi mpya, kumi. Oili ya mbio, tano. Bawa la nyuma, muuzaji aliapa kwa mama yake, ishirini. Na turbo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, mfalme wa vyote, mia moja na arobaini. Nikajumlisha mara mbili, Shangazi, farasi mia nne kamili bila chenji. Nikaitangaza hesabu hiyo kwa kinyozi siku ya Jumapili palipojaa watu, na tangu hapo jina langu la nyumbani limesahaulika, naitwa Mia Nne.

Mwaka mzima nimenunua kila kitu, imebaki turbo tu. Nikiwasha asubuhi, mama anashika vikombe kabatini.

Tatizo ni mchumba wangu. Anafundisha hesabu shule ya msingi, na kosa langu ni kumwonyesha daftari nikidhani atanipenda zaidi. Alitoa kalamu nyekundu. Alinisahihisha mimi, mtu mzima mwenye gari, kama mtoto wa darasa la tatu. Kwenye bawa akaandika pembeni, "Farasi hawa wanakula nini?" Kwenye jumla akaandika, "Umejumlisha ahadi za wauzaji." Halafu akafunua kurasa mbele na nyuma, akaniuliza mstari wa breki uko wapi. Nikamwambia breki zilikuja na gari. Ni kweli zinalia kidogo, na siku hizi nakanyaga mara mbili ndipo zinashika, lakini nimezizoea, tunaelewana.

Hapo ndipo akaniambia habari za baba yake. Mzee ni mtahini wa madereva mstaafu, miaka thelathini amefelisha watu, haongei sana. Amesema yuko tayari kunisikiliza kuhusu binti yake, ila kwanza nimwendeshe kwenye gari langu Jumamosi ya wiki ijayo, kutoka kwake juu mlimani mpaka kwenye mzunguko wa barabara kule chini, na kurudi. Eti mtu akiongea anaweza kudanganya lakini akishika usukani anasema yote.

Mwalimu naye akaweka kalamu chini akasema, "Siwezi kumkabidhi baba yangu kwa gari lisilo na mstari wa kusimama. Bila breki mpya, usije. Na usipokuja, usije tena."

Shangazi, nilichobakiza kinatosha turbo au kinatosha breki, kuwa na vyote viwili ni ndoto. Mwenye turbo ameniwekea mpaka Alhamisi. Fundi wangu wa gereji, tunamwita Babu Spana, nilidhani ataniunga mkono kwa sababu ni mwanamume, lakini akasema kufunga turbo kwenye injini ile na klachi ile ni kumpa mzee mwenye pumu tarumbeta. Na nikiikosa turbo nitashuka mpaka mia mbili na sitini, na kinyozi ameshasema ataniita hivyo, sasa hilo ni jina au ni nauli?

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, nimweleweshe vipi mwalimu kwamba breki hazina sifa, maana sijawahi kusikia mtu amesimama kibarazani akasema jamani tazameni lile gari linavyosimama. Pili, yale mavyuma ya breki yanaonekana kwenye matundu ya rimu, je, nikiyapaka rangi nyekundu yakang'aa kama mapya, mzee si ataridhika, na mimi nikapata mke na turbo kwa wiki moja?

Nijibu mapema, Alhamisi haina adabu.

Ni mimi, Mia Nne (kwa sasa).

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mia Nne wa kwa sasa. Umeniomba nisikuhukumu katikati. Nimefika mwisho, kwa hiyo nina ruhusa.

Kwanza nikupe haki yako. Kupenda gari si dhambi. Mtu anayeshinda kutwa ameshika kitu kisichotakiwa kutikisika, jioni ana haki ya kutaka kitu kinachotetemesha vikombe vya mama yake. Na umenunua kwa jasho lako, hujamwibia mtu. Hapo nakupigia makofi, tena ya kweli.

Sasa mikono nimeiteremsha. Mwanangu, kila muuzaji amekuuzia farasi yule yule. Mwenye chujio amemhesabu, mwenye ekzosi amemhesabu, mwenye kompyuta akamhesabu tena, na wewe ukawafungia wote zizini ukidhani ni kundi. Ukipima kwenye mashine utashukuru kama una mia na hamsini. Kelele isikudanganye, debe tupu nalo huvuma, na wala halina bawa.

Unasema hujasikia mtu akisifu breki. Ni kweli. Anayeokolewa na breki hufika nyumbani, akavua viatu, akauliza chakula kiko wapi, hata hajui kwamba alipaswa kusifu kitu.

Lakini uliponitajia rangi, niliweka miwani mezani. Unataka kumpaka rangi mtahini wa miaka thelathini? Yule hatatazama gurudumu lako, atatazama mguu wako. Ukikanyaga mara mbili kwenye kona ya kwanza ameshakusoma mpaka ukurasa wa mwisho. Na hiyo ndiyo bahati nzuri. Bahati mbaya ni ukanyage mara mbili, ya tatu, na lisishike, mteremko uko mbele na baba wa watu yuko pembeni yako amefunga mkanda kwa sababu alikuamini. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wewe umenunua vyote vya kupandia.

Mwalimu wala hapigani na gari lako. Amekaa akasoma daftari lako mpaka mwisho, mstari kwa mstari, hata farasi wa bawa akawaulizia chakula. Wangapi wamewahi kukusoma hivyo?

Fanya hivi. Leo, usingoje Alhamisi, mwambie mwenye turbo auze. Usimwambie "niwekee kidogo", mwambie auze. Kisha mpelekee Babu Spana gari: diski, pedi, mipira ya breki, oili ya breki, mbele na nyuma, na matairi ayatazame kama yameota upara. Mjaribu pamoja kwenye mteremko mtupu kabla hujampakia mtu. Mwakani anza na klachi, halafu ukapime farasi kwenye mashine ndipo uote turbo, na kila bajeti tenga sehemu moja ya tano kwa ajili ya yale utakayoyakuta ukishafungua boneti, maana gari la zamani halifunguliwi bure. Daftari alishike mwalimu. Kinyozi mwache akuite atakavyo, naye ana nywele zake za kufagia.

Na Jumamosi ikifika fundi hajamaliza, usilichukue gari kwa kuona haya. Liache gereji, panda mlima kwa miguu, ubishe hodi na jasho lako hivyo hivyo, umwambie mzee: "Baba, gari haliko salama, nimeona nisikupandishe."

Kwa miaka thelathini watu wamekaa pembeni ya yule mzee wakimwapia kwamba wako tayari. Sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Wewe liseme, halafu unyamaze, usiongeze farasi hata mmoja, umwache mzee ndiye akukaribishe kiti.